Wanaopika uji hawana korosho, wenye korosho hawaji kikaoni: kisa cha umoja wa wazazi shule moja ya Mtwara

Kisa hiki ni cha uji wa watoto kwenye shule moja ya msingi huku juu kwenye uwanda wa Makonde, mkoa wa Mtwara, jina la shule naliacha kwa sababu watu wake wapo na watoto bado wanasoma pale. Nilikuwa mmoja wa wazazi waliochaguliwa kuwakilisha darasa, kwaiyo vikao nimekaa na daftari nimelishika. Naandika kirefu maana likitokea tatizo lolote la shule huku kusini jibu linakuwa moja, eti wazazi hawana mwamko, mtendaji anaandika hivyo kwenye ripoti, afisa elimu kata anaipokea, mwaka unapita. Ukikifuata hiki kisa toka mwanzo utaona mwamko ulikuwepo tangu siku ya kwanza, kilichoharibika ni nani aliombwa, aliombwa nini na aliombwa mwezi gani.

Kwanza tuelewane nani ni nani. Shule ya msingi ya serikali ina kamati ya shule, hii ipo kisheria na mwalimu mkuu ndo katibu wake. Kamati zilipata nguvu enzi za MMEM, mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya msingi, kuanzia 2002, hela za ujenzi zilipoanza kushuka shuleni na wazazi wakawa wanasimamia madarasa na vyoo. Pembeni yake siku hizi kuna UWAWA, yani umoja wa wazazi na walimu, ambao ni wa kujitolea kabisa, hamna posho wala cheo. Pale kwetu kila darasa lilitoa wazazi wawili, mama mmoja na baba mmoja, wakae na mwalimu wa darasa waangalie mahudhurio, usafi, madaftari ya watoto na chakula. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Kwa uhalisia kina baba wengi walichaguliwa wakiwa hawapo kikaoni, jina likatajwa, watu wakapiga makofi, na mwenyewe akaja kuambiwa na mkewe jioni.

Sasa hela. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 baada ya Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015. Serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji sh 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, katika hiyo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndo inakuja shuleni. Shule yenye watoto 400, na yetu ilikuwa karibu na hapo, inapata sh 2,400,000 kwa mwaka mzima, sawa na laki mbili kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na nauli ya mwalimu kwenda wilayani. Chakula hakimo. Waraka namba 3 wa 2016 uliofafanua utekelezaji uliweka chakula cha mtoto wa kutwa kwa mzazi, pamoja na sare na madaftari. Afu Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni, akasema anayetaka kuchangia kwa hiari yake apeleke kwa mkurugenzi na mwalimu asishike hela ya mzazi. Walimu wakuu wakaogopa, na mimi siwalaumu, maana mtu angeweza kupoteza kazi kwa ajili ya elfu mbili ya mlinzi. Matokeo yake ukapata kitu ambacho mzazi ndo anatakiwa akitoe, mwalimu haruhusiwi kukidai, na serikali ya kijiji inaona hayo ni mambo ya shule. Hapo katikati ndo UWAWA yetu ilipowekwa.

Jambo lenyewe lilikuwa uji. Watoto wanatoka vitongoji vya mbali alfajiri, wengi hawajatia kitu tumboni, ikifika saa nne unaona darasa zima limelala. Wakati ule ule mikoani kote kulikuwa na msukumo wa watoto wale shuleni, kwaiyo kamati ikaitisha mkutano wa wazazi. Mkutano ulikuwa mwezi wa pili. Waliokuja wengi walikuwa kina mama, na bibi kadhaa, na wanaume wachache waliokaa nyuma kabisa chini ya mwembe. Ikakubaliwa kila kaya itoe kisado kimoja cha mahindi, kina mama wa UWAWA wapike kwa zamu, kuni na maji watoto walete. Mikono ikanyooshwa juu, hakuna aliyepinga.

Ngoja nikae hapa kidogo kwa sababu kosa la kwanza lipo kwenye huo mwezi. Mtu anayeijua Mtwara anajua mwezi wa pili ndo mwezi mbaya kuliko yote. Hela ya korosho imeingia kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, imeshalipa madeni, imeezeka nyumba, imenunua sare na madaftari ya Januari, imekwisha. Mahindi mapya bado yapo shambani, yanavunwa kuanzia mwezi wa tano. Ghala la nyumbani limebaki na mbegu na muhogo. Na wewe hapo hapo unamwambia mama alete kisado cha mahindi. Kusema ndiyo alisema, kwa sababu hakuna mama anayesimama mbele ya watu akasema mimi sitaki mwanangu anywe uji, ila kutoa atatoa wapi?

Afu hesabu yenyewe haikupigwa. Tuseme kila mtoto anapata gramu 50 za unga kwenye kikombe chake. Watoto 400 wanamaliza kilo 20 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, kwaiyo unahitaji kilo 3,880, karibu gunia 39 za kilo mia. Kisado kinabeba kama kilo nne, na kaya tulizokuwa nazo zilikuwa kama 250, kwaiyo hata kama kila mtu angetoa siku ile ile ungepata kilo 1,000, na hizo zinaisha kwa siku 50 za shule. Yani mpango ulikuwa umeshashindwa kabla sufuria halijawekwa jikoni, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Uchungu ni kwamba debe moja kwa kaya, debe la kilo 18 hivi, lingevusha mwaka mzima na kubaki kidogo. Kaya ya mkulima wa korosho kutoa debe moja baada ya mavuno sio mlima. Ila hilo halikusemwa na mtu.

Kilichofuata mtu anaweza kukikisia. Wachache walitoa wiki ya kwanza, wengine wakaleta nusu, wengine wakaleta makopa, ule muhogo mkavu, na mwalimu wa stoo akayakataa kwa sababu kikao kilisema mahindi. Watoto wakarudi nyumbani na vifuko vyao kichwani. Ilipofika mwezi wa nne stoo imebaki vumbi la pumba, na hapo ndo likafanyika jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Majina ya waliotoa yakasomwa mstarini, na wakati wa uji watoto ambao wazazi wao hawajatoa wakaambiwa wakae upande wa pili mpaka wenzao wamalize. Watoto wa darasa la pili, la tatu! Wengine wana miaka minane. Serikali ilisharudia mara nyingi kwamba mtoto asirudishwe nyumbani wala asibaguliwe kwa sababu ya mchango, lakini pale hakuna aliyerudishwa nyumbani, walijirudisha wenyewe. Wiki iliyofuata daftari la mahudhurio likaanza kuonyesha mapengo, na sisi wa UWAWA ambao kazi yetu ilikuwa kufuatilia utoro tukawa tunatumwa kwenye nyumba za watoto tuliowafukuza na uji wetu.

Aliyegeuza mambo ni bibi mmoja. Alikuja asubuhi, akakataa kukaa ofisini, akasimama uwanjani. Mwalimu akamwendea, "Shikamoo bibi." Akaitika marahaba vizuri tu, afu akasema, "Mwanangu, hawa watoto wanne nawalea mie, mama yao yuko Dar anahangaika, baba zao siwajui waliko. Mikorosho aliyopanda babu yao wamechukua wapwa zake, mie nimebaki na muhogo. Muhogo niliuleta mkaukataa. Sasa nilete nini?" Mwalimu hakuwa na jibu, na hakuna kati yetu aliyekuwa nalo.

Maneno yale yamebeba mambo mengi. Huku kwetu kwa Wamakonde, na majirani zetu Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo kwa desturi unahesabiwa upande wa mama. Mjomba ana sauti kwa watoto wa dada yake, na mali ya mwanaume kimila inaweza kwenda kwa wapwa badala ya mjane, ingawa dini na sheria za sasa zimechanganyika humo na kila familia ina namna yake. Watoto wengi wanalelewa na bibi mzaa mama. Ukija kwenye korosho, mikorosho mara nyingi iko kwenye jina la mwanaume, jina lake ndo lililoandikishwa kupata salfa na pembejeo, jina lake ndo liko kwenye daftari la AMCOS, yani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ianze 2007 malipo yanafuata jina hilo. Mke amepalilia, ameokota, amebeba kichwani mpaka ghalani, ila hela inaingia kwa mwenye jina. Sasa angalia mkutano wetu wa mwezi wa pili: aliyenyoosha mkono ni mama na bibi, mwenye uwezo wa kutoa ni mume au mjomba ambaye hakuwepo na hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tunawapa ahadi ya kutimiza watu ambao funguo za ghala hawana. Na rejesta ya shule nayo ilikuwa na safu ya jina la baba tu, kwaiyo kwenye ripoti aliyekataa kuchangia akawa ni baba wa mtoto ambaye pengine yuko Msumbiji anatafuta maisha na hata shule hajui iko wapi.

Baada ya siku ile kina mama wa UWAWA wakagoma kupika mpaka kikao kiitishwe upya. Mimi naona huo ndo uamuzi wa kwanza wa kweli umoja ule uliwahi kufanya, kabla ya hapo tulikuwa mikono ya kuchotea tu. Kikao kikakaa na mtendaji wa kijiji akiwepo, kikapitisha kwanza kabisa kwamba sufuria likipakuliwa kila mtoto aliyepo anakunywa, mzazi katoa hajatoa, na hilo liandikwe kwenye muhtasari na lisainiwe. Walikuwepo waliobisha, wakasema basi hakuna atakayetoa tena. Hoja yao haikuwa ya kijinga, lazima niseme, mtu aliyetoa anaumia akiona asiyetoa anafaidi. Jibu alilotoa mama mmoja lilikuwa rahisi, deni ni la mkubwa na mkubwa afuatwe nyumbani kwake, mtoto hana shamba.

Tukatengeneza daftari jipya, kila mtoto akaandikwa anayemlea kweli, bibi, mama mdogo, yeyote, na pembeni akaandikwa mtu mwenye sauti kwenye korosho za familia ile. Kazi hii ilifanywa kitongoji kwa kitongoji na wenyewe wanaojuana, mwalimu asingeweza kuipata hata angekaa ofisini mwaka mzima. Hapa ndo unaona faida ya wazazi wa kujitolea ambayo hakuna afisa wa wilaya anayeweza kuileta, kujua nyumba ile nani anaamua. Ilipofika mwezi wa sita, mahindi na mtama vikiwa vimeingia, ndo tukapita kuomba debe, au nusu debe, na safari hii makopa yakapokelewa, mbaazi na choroko zikapokelewa, njugu mawe nazo. Kuna mtu aliuliza kama uji wa muhogo una faida yoyote. Muhogo mtupu unashibisha tu, haujengi mwili, ndo maana tukaomba waliokuwa na karanga au choroko walete hizo badala ya mahindi, zisagwe pamoja. Uji ukawa mzito na watoto wakaupenda kuliko ule wa kwanza. Na yule bibi muhogo wake ukapokelewa mzani ule ule kama wa wengine.

Mwezi wa kumi ndo tukaenda ghalani. Siku za kupima korosho wanaume wote wako AMCOS, wamekaa juu ya magunia wanasubiri foleni, hawana pa kwenda. Kina mama wanne wakaenda na daftari, wakawasalimia, wakasoma hali ya stoo ikoje, wakamwonyesha kila mtu jina lake na watoto walioandikwa chini yake. Wajomba wengi walishtuka kuona majina ya wapwa zao pale. Wakaandika ahadi wenyewe kwa mkono wao. Sio wote waliotoa, ila zaidi ya nusu walitoa, na wengine walitoa gunia zima, kitu ambacho kwenye mikutano ya shuleni hakijawahi hata kutajwa.

Hapo hapo likaibuka wazo la makato, kwamba AMCOS ikate kiasi kidogo kwa kila kilo iende kwenye chakula cha shule. Nimesikia watu wengi wanalisifia hili na kwenye karatasi linavutia, unakata kwenye chanzo, humfukuzi mtu. Sisi lilikwama na naomba nieleze kwa nini, maana wengine watalijaribu. Makato yoyote yanatakiwa yapitishwe na mkutano mkuu wa wanachama, sio mwenyekiti na katibu wake wakae wakubaliane na mwalimu. Mkulima tayari anaona orodha ndefu ya makato kwenye malipo yake na hana hamu ya kuongezewa. AMCOS moja inahudumia zaidi ya kijiji kimoja, sasa hela igawanywe vipi kati ya shule? Na aliyeuza kangomba, yani kwa wanunuzi wa mtaani nje ya ushirika kabla ya msimu, mwezi wa tatu kwa shida zake, yule hana kilo ghalani, hakatwi, mzigo unabaki kwa aliyevumilia. Mimi bado naona makato yanaweza kufanya kazi pale ambapo vijiji vyote vya AMCOS vimekaa pamoja na kupiga hesabu, ila kuyaleta kama njia ya mkato ya kukwepa kuongea na watu kutazaa ugomvi mwingine.

Usimamizi nao ulibadilika. Stoo ikawekwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mama wa UWAWA, mwingine kwa mwalimu wa zamu, na kila asubuhi kilo zinazotoka zinaandikwa na wote wawili. Fedha taslimu mwalimu hakushika hata senti, zilipokelewa na mweka hazina wa wazazi kwa stakabadhi ya kijiji, zikawa zinasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato na matumizi mengine. Mwalimu mkuu alipumua. Toka siku ile akawa anakuja vikaoni akiwa mtu wa kusaidia, kabla ya hapo alikuwa anakuja kama mshtakiwa. Kuna jambo nimelifikiria sana hapa. Wazazi wa huku wamezoea kutoa nguvu kazi kwenye boma la darasa, wanafyatua tofali, wanapandisha mpaka lenta, wanasubiri halmashauri ipaue, na hakuna anayelalamika kwa sababu boma linaonekana, mtu anapita njiani anasema lile tofali langu. Uji unanywewa ukaisha. Bila daftari linalosomwa mbele za watu aliyetoa hana kitu cha kuonyesha, kwaiyo msimu wa pili hatoi.

Ramadhani ilileta mjadala wake. Wengi huku ni Waislamu na wakubwa wa darasa la tano mpaka la saba wanafunga, wengine walitaka jiko lifungwe mwezi mzima. Ikaamuliwa sufuria dogo libaki kwa awali, la kwanza na la pili, na watoto wa Kikristo wanaotaka, wanywee upande wa nyuma ya jiko. Masheikh hawakuwa na neno, walisema mtoto mdogo hajalazimishwa. Chakula kilichookolewa mwezi ule kilisogeza stoo mbele.

Yaliyobaki hayajatatuliwa nayo niyaseme. Utoro wa msimu wa korosho upo pale pale, familia zinahamia mashambani kuanzia mwezi wa tisa na mtoto anaenda nazo kuokota, kikombe cha uji hakimvuti aliye umbali wa masaa mawili kwa mguu. Jando na unyago, tuliongea na wahusika wakakubali kumaliza ndani ya likizo ya Desemba, wengi walifuata, wachache watoto wao walifika shuleni Januari katikati. Kubwa zaidi kwangu ni wapishi. Wanaojitolea ni wale wale kina mama sita saba, anaamka saa kumi na moja, anabeba maji, na maji huku uwandani ni ya shida, anapika, anaosha sufuria, anaondoka saa tano, siku imeshakatika. Msimu wa kubangua mama huyo anapoteza kipato chake cha siku, na wawili tayari wamejitoa bila kusema kitu. Kuwaita wanajitolea kwa moyo ni kuwaheshimu kwa mdomo tu kama hatuhesabu wanachopoteza. Pendekezo lililopo mezani ni kila mpishi apewe ujira mdogo kutoka kwenye ahadi za ghalani, na wanaume watatu wachukue zamu ya maji na kuni kwa baiskeli. La maji na kuni limeanza kutekelezwa na wawili kati ya hao watatu. La ujira linasubiri mkutano wa kijiji wa mwezi wa nane, kabla korosho hazijaanza kuanguka, na kina mama wameshasema wazi kwamba lisipopita wao msimu ujao jikoni hawaingii.